Saleha na Nyota Inayolala

Wifi yangu Saleha hakubali jambo kwa kuambiwa. Ukimwambia chai ina sukari, ataionja kwanza. Ukimwambia mvua imekatika, atatoa mkono dirishani. Nilipoolewa na kaka yake, Zaki, nilidhani ni ujeuri tu, na kwa miaka mingi tulikuwa mawifi kama mawifi wengine: tunapelekeana vyakula siku ya Idi, tunachekeana mbele za watu, na kila mmoja ana lake moyoni. Leo namsifu, tena bila kulazimishwa na mtu. Nimeona mambo yake niyaandike mwenyewe maana yameanza kupotoshwa. Juzi mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa msikiti akaniuliza kama ni kweli wifi yangu amekwenda mwezini.

Hajakwenda mwezini. Kila siku yuko dukani kwake Biashara Street, anauza uzi, vifungo, zipu na lesi. Alizaliwa Kibokoni, Mombasa, akaletwa Nairobi na ndoa, na mumewe alipofariki akamwachia duka na mtoto mmoja, Naeem, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi Nakuru. Watu walidhani atauza duka arudi kwao. Hakuuza. Mafundi wa cherehani wa mjini wanamjua kwa jicho lake. Fundi huja na kipande cha kitambaa akitaka uzi wa rangi ile ile, na Saleha hachukui uzi mmoja akasema ndio huu. Huchukua nyuzi mbili, mmoja uliokolea kidogo na mwingine uliopauka kidogo, akaweka kitambaa katikati, akasogea mlangoni penye mwanga wa jua. Akisharidhika ndipo hutia mkono sandukuni akatoa ule wenyewe. Fundi mwenye haraka humtukana kimoyomoyo, lakini kesho hurudi kwake.

Sote tunakaa Muthangari, jengo moja, yeye ghorofa ya mwisho na sisi chini yake. Na juu ya paa la jengo hilo ndiko mambo yalikoanzia.

Marehemu mkwe wangu aliwalea wanawe kwa kutazama mwandamo wa mwezi. Kila ikifika ishirini na tisa ya Shaabani aliwapandisha juu jua likizama, na alikuwa na kanuni zake. Anayesema ameuona mwezi huulizwa ameuona wapi, pembe zimeelekea upande gani, uko juu ya nini. Tena haulizwi mbele ya mwenzake, kwa sababu mtu akishasikia mwenzake ameona, na yeye ataona hata kama ni taa ya ndege. Na ikiwa hapana aliyeona, basi, mwezi unatimizwa thelathini na maneno yamekwisha. Saleha alikuja nayo Nairobi ada hiyo. Kila mwaka alitupandisha juu, mimi nikinung'unika kwamba redio itatangaza tu, na yeye akinijibu kwamba redio haina macho.

Mwaka mmoja tulipofika juu tulimkuta jirani yetu, Huzefa, mpima ardhi mstaafu, amesimamisha darubini ya bomba yenye miguu mitatu. Huzefa ni Bohora, na Mabohora wana kalenda yao iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo mwezi haukuwa haja yake. Alikuwa anatazama nyota. Alimweleza wifi yangu kwamba zipo nyota zisizotulia, leo zinang'aa na mwezi ujao zimefifia, na mtaalamu anayetaka kujua tabia zake anahitaji watu wa kuzitazama jioni baada ya jioni, mwaka baada ya mwaka. Darubini kubwa za wataalamu ni chache na foleni zake si za mchezo, haziwezi kukaa zikingojea nyota moja. Ndiyo maana wapo watu wa kawaida duniani kote, wauza duka, madereva, walimu, wanaotazama kutoka nyumbani kwao na kuwapelekea wataalamu walichokiona. Wanapimaje? Kwa kulinganisha. Nyota unayoitaka ina majirani wasiobadilika, na mwangaza wa kila jirani unajulikana. Unatafuta jirani mmoja anayeizidi kidogo na mwingine anayezidiwa kidogo, unaiweka nyota yako katikati.

Nilimwona Saleha akigeuza shingo. Mwezi ulikuwa haujaonekana bado, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aliusahau.

Tangu hapo akawa mtu wa paani. Akifunga duka, akishaswali magharibi, yuko juu. Huku kwetu giza halichelewi, jua likizama nyota zimeshatoka, kwa hiyo chakula cha jioni alikuwa akikikuta bado cha moto. Huzefa alipohamia Karen kwa binti yake alimwachia Saleha darubini ile, mwenyewe akanunua nyingine kubwa zaidi. Mimi nilicheka sana siku hizo. Nilimwuliza Zaki kama dada yake anatafuta mchumba huko juu, maana huku chini amewakataa wote.

Katika nyota alizokuwa akizitazama, moja aliipenda kuliko zote. Iko upande wa kaskazini, unapotazama juu ya miti ya Kitisuru. Hii kazi yake ni kulala. Kwa majuma mengi huwa hafifu mno hata darubini ya Saleha haiioni, halafu ghafla, ndani ya siku moja, inaamka na kuwaka, inakaa macho siku chache, inalala tena. Saleha aliipa jina la Mwali. Kwetu pwani zamani msichana akivunja ungo alitiwa ndani, hata jirani wa mlango wa pili hamwoni, mpaka siku ya kutolewa, akapambwa na kila mtu akamwona. Basi ujumbe wake ulikuwa mfupi: Mwali yumo ndani. Au, mara chache, Mwali ametoka.

Aliyekuwa akizipokea taarifa hizo ni Dakta Philister, mtaalamu wa nyota anayefundisha chuo kikuu hapa mjini, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole na kicheko kikubwa. Yeye ndiye aliyewakusanya watazamaji wa Afrika Mashariki wote katika kundi moja la simu, na taarifa zao akazipeleka mbele. Saleha alimheshimu kupita kiasi, akimwita Daktari hata alipoambiwa Philister inatosha, na mwenzake akimwita Mama Naeem.

Kisha likatokea kosa. Jioni moja ya utandu, mvua imenyesha mchana na mbingu imebaki na ukungu mwembamba, Saleha alipanda, akatazama mahali pa Mwali, hakuona kitu. Akatuma kwamba yumo ndani. Kumbe Mwali alikuwa ametoka tangu alfajiri! Watu wa nchi nyingine walimwona waziwazi akiwaka. Taarifa ya wifi yangu ilikaa katikati ya zao kama mtu aliyevaa kanzu ya harusi matangani.

Philister alimpigia simu mwenyewe. Hakumfokea. Alimwambia kuwa kutoona kwake hakuna ubaya, maana kujua kwamba nyota imelala kuna faida sawa na kujua kwamba imeamka. Ila kutoona kuna masharti yake. "Mama Naeem," alimwuliza, "uliona mpaka jirani gani?"

Saleha hakuwa amemtazama jirani yeyote. Kwa mtazama mwezi, sikuona ni sikuona, imekwisha. Kwa mtazama nyota, sikuona ni nusu ya maneno. Lazima useme yule jirani hafifu kuliko wote uliyeweza kumwona jioni ile, ndipo ijulikane kwamba mbingu ilikuwa safi na kwamba nyota ingekuwa macho ungeiona. Bila hivyo huenda hukuona kwa sababu ya ukungu, au ya usingizi wako mwenyewe. Taarifa yake iliondolewa.

Iliondolewa moja tu, lakini yeye alisononeka kama aliyefukuzwa. Alikaa muda mrefu hapandi juu. Jioni alikaa kwangu akikunja khanga ambazo zilikwisha kunjwa. Nami, niliyekuwa nikimcheka, nilimkasirikia Philister kwa niaba yake, nikasema huyo daktari kama anataka macho mazuri zaidi ya haya aende kuyanunua. Saleha akanitazama akasema Philister amesema kweli na mimi ninyamaze. Nikamwambia kosa moja haliachi mke, arudi kwenye paa lake, ameniharibia jioni zangu. Akarudi. Na tangu siku hiyo hakutuma tena taarifa ya kutoona bila kumtaja jirani. Mwali yumo ndani, nimeona mpaka kwa jirani fulani. Miaka ikapita namna hiyo, na jina lake likatengenea.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Mwaka jana, msimu wa vuli, Philister alipata zamu ya kutumia darubini iliyoko angani, ile inayozunguka juu ya mawingu yote. Alikuwa ameiomba miaka mingi, akikataliwa na kuomba tena. Alitaka kumtazama Mwali akiwa amelala, ajue ni kitu gani hujikusanya kabla hajaamka. Lakini wenye darubini walimpa sharti moja. Chombo chao kina jicho jepesi mno. Mwali akiwa macho, mwanga wake unaweza kuliumiza. Kwa hiyo jioni ile ile ya zamu, kabla ya saa tatu ya kwetu, walitaka ushuhuda kwamba amelala. Usipokuja, au ukija wa mashaka, zamu imefutwa na hapana nyingine. Na Mwali alikuwa amelala muda mrefu, siku yoyote angeweza kutoka.

Kwa kuwa dunia inazunguka, saa zile giza lilikuwa limetuangukia sisi na majirani wetu wa upande huu. Ulaya mawingu yalifunga. Dar es Salaam mvua. Huzefa, na darubini yake kubwa, alipiga simu kutoka Karen akisema maji yanapita barazani. Philister alikaa ofisini kwake mjini na simu mbili mezani, na katika watazamaji wote alibaki na Saleha.

Nilipanda naye. Nitasema ukweli, nilipanda kwa kuwa nilimwona akifunga mtandio wake na kuufungua mara mbili, na sijazoea kumwona hivyo. Mawingu ya Novemba yalikuwa yamejaa, ila upande wa Kitisuru palikuwa na mwanya mweusi, mpana, unaokuja taratibu. Saleha alisimamisha darubini akaangalia, akainua kichwa, akaangalia tena.

"Wifi, sioni hata jirani wa tatu," akasema. "Taa zile zinaniua."

Kiwanja cha pili kinajengwa ghorofa, kama kila kiwanja hapa kwetu, na watu wa mjengo walikuwa wamewasha taa zao kubwa, moja imeelekea sawasawa juu ya paa letu. Mwanya unakuja na jicho la wifi yangu limejaa mwanga. Nikasikia hasira imenipanda mpaka utosini. Nilishuka ngazi zote, nikamchukua Mbugua, mlinzi wetu, tukatoka.

Mbugua alinionya njiani. "Mama Munir, hao hawawezi zima. Wakizima, mdosi atawapiga kalamu." Yaani bosi wao angewafukuza kazi.

Msimamizi wa mjengo alikuwa mwanamke kijana, Jacklyne, kofia ya manjano kichwani na gumboti zilizojaa matope. Nilianza vibaya. Nilimwambia taa zake hazina adabu. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza nataka nini hasa, nami pumzi ikaniishia, nikamweleza yote kwa mpigo: nyota, darubini ya angani, Philister, wifi yangu, saa tatu.

"Sasa madam," akasema, "unataka nizime mataa juu ya star moja?"

"Moja tu," nikamwambia. "Na leo tu."

Akacheka. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa imesimama. Lori la zege lilikuwa limekwama kwenye jam ya Waiyaki Way, na vijana wake walikuwa wamekaa juu ya mbao wakilingoja. Alisema akizima lazima wote washuke kwanza, hataki mtu aanguke, na lori likifika anawasha, hataki maneno. Nikamwambia wakishuka nitawashushia pilau. Nilikuwa nimepika sufuria nzima kwa wageni wa Zaki, na Mungu anisamehe, wageni wa Zaki walikula mkate na mayai usiku ule. Mbugua alibeba sufuria mwenyewe. Taa zikazimika.

Niliporudi juu sikuamini. Sijawahi kuliona paa letu likiwa jeusi vile. Mwanya ulikuwa umefika, na Saleha amejikunja kwenye darubini. Baadaye akainuka, akachukua simu, akatuma: Mwali yumo ndani, na jirani aliyemwona ni yule hafifu kuliko wote ambao amewahi kuwaona kutoka pale. Nikamkumbatia. Nilidhani tumemaliza.

Simu ikalia. Ni Philister, na sauti yake haikuwa ile niijuayo. Saleha akaiweka wazi nisikie.

"Mama Naeem, niko na shida. Kuna mzee mmoja ng'ambo ametuma report saa hii. Anasema imeamka. Na huyu mzee si mtu wa mchezo, ametazama nyota tangu kabla nizaliwe."

Philister akaendelea, polepole, kwamba wenye darubini wanangoja neno lake yeye. Akimsikiliza mzee, zamu inafutwa na hakuna wa kumlaumu. Akimsikiliza Saleha, na Saleha akawa amekosea, chombo kinaweza kuumia na yeye Philister hatapewa darubini tena maishani. Hakulitaja lile kosa la zamani. Hakuhitaji kulitaja, lilikuwa limesimama nasi pale paani.

Mtu mwingine angesema labda. Mimi ningesema labda! Labda mzee ana haki, labda tuache, salama ni bora. Saleha alivuta pumzi akasema, "Daktari, usikate. Nina shahidi wa pili, na sijamwambia Mwali anakaa wapi."

Akanishika bega akaniweka kwenye darubini. Mimi, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kutia jicho langu mle kwa dhati, kila alipoomba nikisema maandazi yanaungua. Nikamwuliza natafuta nini. Akakataa katakata kuniambia. "Sema unachokiona," akasema. "Usiseme ninachokitaka."

Mwanzoni sikuona ila kope zangu. Kisha zikaja. Nilisema naona mbili kubwa, zimekaribiana. Akasema endelea. Nikasema chini yake kuna tatu zimepiga pembe, moja ni nyekundu nyekundu. Endelea. Nikasema kando ya hizo, kushoto, kuna kadogo, kanakuja kanakwenda, nikikakazia macho kanapotea na nikitazama pembeni kanarudi. Nikamsikia Philister akihema ndani ya simu. Endelea, akasema Saleha. Kule chini honi ya lori ilikuwa inalia kwenye geti la mjengo.

"Basi," nikasema. "Hakuna kingine. Katikati ya hizo tatu na hako kadogo ni giza tupu."

Saleha aliinama kwenye simu. "Daktari umemsikia. Hapo penye giza ndipo nyumbani kwake. Angekuwa macho angewaka kuliko hizo zote tatu, na wifi yangu amemwona jirani mdogo kuliko wote. Mwali yumo ndani. Mimi nasimama na hilo."

Taa za mjengo zikawaka, paa likawa jeupe, tukafunikiza macho.

"Sawa," akasema Philister. "Nachukua yenu."

Usiku ule sikulala. Nilifikiri habari ya chombo kile juu kikigeuza jicho lake kwa neno la mwanamke muuza vifungo na mwanamke mpika pilau. Vipi kama sikuona vizuri? Vipi kama lile giza lilikuwa kope yangu? Zaki, ambaye bado alikuwa amenuna kwa ajili ya wageni wake, aliniambia nimtegemee Mungu na nilale. Ni rahisi kwake, si yeye aliyetoa ushahidi.

Philister alipiga simu asubuhi, sisi bado tuko kwenye mswala. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, hata Saleha ikambidi amwambie aketi kwanza. Zamu ilikwenda yote, mwanzo mpaka mwisho. Chombo kizima. Mwali amelala fofofo, ametazamwa usingizini, na kila alichokitaka Philister amekipata. Yule mzee wa ng'ambo naye aliandika kabla ya adhuhuri, muungwana kweli, akisema alikuwa akichungulia kwa haraka kati ya mawingu na akampima jirani badala ya mwenyewe, na akaomba aelezwe huyo mama wa Nairobi ni nani apate kumsalimu.

Na Mwali? Siku ya pili yake, jioni, alitoka. Angetangulia kidogo tu zamu ingepotea. Saleha alimwona, akaniita nipande niangalie. Pale palipokuwa giza palikuwa na nyota inayowaka kuzipita zile tatu zote. Sikujizuia, nilipiga vigelegele juu ya paa mpaka watu wakafungua madirisha. Mbugua alikuja mbio akidhani tumeibiwa. Jacklyne alipaza sauti kutoka mjengoni akiuliza kama ndiyo ile star aliyozimia mataa, nikamwambia ndiyo hiyo, panda uione. Alipanda na gumboti zake na vijana wake nyuma, wakapanga foleni kwenye darubini, na wifi yangu, asiyependa mtu aguse vitu vyake, alimwonyesha kila mmoja. Hakumwambia hata mmoja aone nini. Aliwauliza tu.

Mwaka huu Philister aliitwa kueleza kazi yake katika ukumbi mmoja mjini, wataalamu wamejaa, na wengine wametoka nchi za mbali. Alitualika. Huzefa alikuja na suti, Saleha akavaa buibui jipya, nami nilikaa kando yake nikiogopa kukohoa. Philister aliwasha picha ukutani, nukta nyingi nyingi zinazopanda na kushuka. Akasema kila nukta ni mtu, mahali fulani, aliyetoka nje jioni akatazama juu. Halafu akaonyesha alama moja chini kabisa, peke yake, siyo nukta bali kijimshale kinachotazama chini. Alieleza kwamba alama hiyo huwekwa kwa mtu ambaye hakuona kitu, akasema hakuona, na akasema aliweza kuona mpaka wapi. Kazi yote aliyoionyesha siku hiyo, alisema, imesimama juu ya kijimshale hicho, na mwenye nacho yumo ukumbini. Akaomba Mama Naeem asimame.

Watu waligeuka. Saleha alisimama taratibu, akashika mtandio wake, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Machozi yalinitoka, siyo ya kujifuta kwa adabu, ya kweli. Nilijivunia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kujivunia mtu.

Lakini yeye hakukaa. Alingoja makofi yatulie. Kisha akamwambia Philister, kwa sauti ile ile anayoitumia dukani fundi anapokosea rangi, kwamba amesahau jambo. Philister akamwuliza jambo gani.

"Tulikuwa wawili, Daktari," akasema, akanishika mkono akaniinua.